Betri Niliyoiweka Dirishani

Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nyumbani kwangu hakuna mtoto aliyewahi kuchomwa na sindano. Nimelea watoto wanne wa tumbo langu katika chumba hicho hicho ninachoshonea. Sindano na pini zote nazichoma kwenye kimto kinachoning'inia ukutani, juu kuliko kichwa changu. Vifungo vinakaa kwenye makopo yenye mifuniko ya kukaza. Mkasi unalala juu ya kabati. Wateja walikuwa wakinitania kwamba hata duka la dawa halina mpangilio kama wangu.

Nasema haya mwanzoni ili mtu asidhani nilikuwa bibi wa hovyo. Nimechoka kujitetea, lakini naona bado najitetea.

Mjukuu ninayemsimulia ni mtoto wa binti yangu wa mwisho. Binti huyo alipata kazi Njombe, kwenye kiwanda cha kufungasha maparachichi, na msimu wa mavuno ukianza kazi ile haijui Jumamosi wala Jumapili. Alikuwa amepanga chumba kimoja na wenzake wawili, mahali ambapo mtoto asingeweza kukaa. Baba wa mtoto aliondoka kabla hajazaliwa, na habari zake zinaishia hapo. Basi akaniletea mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi saba, na begi la nguo, na sweta mbili nilizomfumia mwenyewe. Njombe si mbali, saa moja na kidogo kwa basi, lakini mtu anayesimama kutwa kwenye mkanda wa kuchambulia matunda anafika kwake akiwa hana miguu. Alikuwa anakuja kila baada ya wiki mbili. Akifika analala usingizi mzito mchana kutwa, mtoto akimpanda mgongoni.

Mtoto alikuwa wa kike, mashavu yamejaa, mlaji. Neno lake la kwanza kunyooka lilikuwa "nipe". Viazi, maharage, parachichi, mkate uliodondoka chini, vyote alikula. Majirani walikuwa wakisema huyu hatakusumbua, na kweli hakunisumbua.

Nina sabufa, ile redio yenye spika moja kubwa na mbili ndogo, ambayo mwanangu wa kiume aliniletea ili nisikilize kwaya nikiwa nashona. Ina rimoti nyembamba kama kadi. Betri yake ni ile bapa, mviringo, inayong'aa kama sarafu mpya. Inakaa kwenye kidroo kidogo mwishoni mwa rimoti. Unabana kwa ukucha, unavuta, inatoka. Hakuna skrubu.

Jumamosi moja ya mwezi Juni rimoti ikagoma. Nikaenda kwa fundi simu karibu na stendi, akanipa betri mpya. Nyumbani nikaitoa ya zamani, nikaweka mpya, kwaya ikaimba. Ile ya zamani nikaiweka kwenye kifuniko cha kopo, dirishani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuitupa. Mimi ni mtu wa kutunza. Zipu ikiharibika natoa kichwa chake nakiweka. Kola ya shati lililochakaa naikata naiweka. Nilidhani betri iliyokwisha ni kipande cha chuma tu, kama kizibo cha soda, na labda siku moja ningemwonyesha fundi simu nikimtaka nyingine ya saizi ile. Chini ya dirisha kuna benchi la wateja. Mwezi ule ule mjukuu wangu alikuwa amejua kupanda benchi.

Jumanne asubuhi, kama saa nne, nilikuwa nimeinamia cherehani. Shule zilikuwa zinafunguliwa Julai na nilikuwa na sare nyingi za kumaliza. Baridi ilikuwa ile ya kwetu ya Juni, ukungu umekataa kuondoka, nimeweka jiko la mkaa mlangoni. Mtoto alikuwa nyuma yangu anachezea vipande vya kitambaa. Nikasikia akikohoa mara moja, kisha kimya, kisha sauti kama ya mtu anayetaka kutapika. Nikageuka. Alikuwa ameketi juu ya benchi, macho yamemtoka, udenda unamchuruzika hadi kwenye sweta.

Nikamnyakua. Nikamtia kidole mdomoni, nikazungusha. Hakuna kitu. Nikampiga mgongoni. Akalia, na alipolia nikashukuru, kwa sababu anayelia anapumua. Nikaangalia vifungo: makopo yote yamefungwa. Nikaangalia kimto cha sindano: kiko ukutani. Nikasema atakuwa ametafuna kitambaa kikamkwama, au kile kiazi cha asubuhi. Nikafanya walichokuwa wakitufanyia sisi utotoni. Nikachukua ugali wa jana, nikaupasha, nikamkatia tonge laini, nikamwambia meza mama, meza. Alimeza kwa shida, akikunja uso, na machozi yakamtoka. Nikampa maji. Yakarudi nusu. Kisha akatulia mapajani mwangu, akalala.

Mchana alikataa uji. Jioni alikataa maziwa. Yule mtoto wa "nipe" alisukuma kikombe kwa mkono.

Jumatano akaamka na homa na kikohozi. Udenda haukukoma, nilimbadilisha sweta mara tatu kabla ya saa tatu. Nikampeleka zahanati. Tabibu wa pale ni kijana mstaarabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mtoto anasumbuliwa na nini?"

"Ana homa, anakohoa, hali, na udenda haukauki."

Akamwangalia kooni kwa tochi huku mtoto akipiga mateke. "Koo ni jekundu," akasema. "Mafindofindo. Baridi hii, bibi, tangu asubuhi watoto ni hawa hawa." Akaniandikia dawa ya maji ya kuua vijidudu na ya kushusha homa. Sina kinyongo naye. Alitibu alichoambiwa, na mimi sikumwambia kwamba jana yake mtoto alipaliwa. Sikuona kama yanahusiana. Yalikuwa mambo mawili: jana alipaliwa, leo anaumwa.

Yanayofuata ndiyo yananiwia vigumu kuyaandika.

Jioni ile ya Jumatano, saa kumi hivi, upepo ukaanza kuingiza ukungu ndani. Nikainuka kufunga dirisha. Mkono wangu ukagusa kile kifuniko cha kopo, kikasogea kwa wepesi. Kilikuwa kitupu.

Nilisimama pale. Nikatazama kwenye benchi, nikatazama chini. Nikasogeza cherehani, ambayo huwa siisogezi peke yangu. Nikafagia chumba kizima, nikachambua taka kwa vidole: nyuzi, vipande, punje ya mahindi, pini moja ambayo sikujua kama ilidondoka. Betri hapana. Nikakung'uta godoro, nikakung'uta viatu vya mtoto. Kisha nikakaa kwenye benchi lile lile, na nikajua.

Kisha nikaanza kutojua. Nikajiambia labda mteja aliichukua. Labda niliitupa mwenyewe nikasahau. Labda aliimeza na imeshapita, maana watoto humeza sarafu na kesho yake zinatoka. Kaka yangu alimeza ya senti hamsini tukiwa wadogo, na mama aliisubiri kwa kijiti, ikatoka. Nikajiambia nisubiri choo cha asubuhi. Ningesema kitu, ningeulizwa: ilikuwa wapi? Nani aliiweka? Na binti yangu aliniachia mtoto mimi, mwenye makopo ya kukaza.

Binti yangu akapiga simu kabla ya giza, kama alivyokuwa akifanya akitoka kazini.

"Mama, anaendeleaje?"

"Wamesema mafindofindo. Wamempa dawa."

"Anakula?"

"Kidogo."

Hakuwa amekula chochote tangu lile tonge.

"Mpe uji wa maziwa mama, huwa anaupenda. Nikipata ruhusa nitakuja Jumapili."

"Haya mwanangu. Pumzika."

Alhamisi asubuhi akatapika. Matapishi yalikuwa machache, ute, na ndani yake nyuzi za rangi ya kahawia, kama mashapo ya kahawa. Nilipoyaona sikusubiri choo tena. Nikamfunga kwa kitenge mgongoni, nikavaa sweta juu yake, nikachukua mkoba. Na kabla sijatoka, nikachukua rimoti mezani, nikaitia kwenye mkoba. Nikapanda bodaboda hadi hospitali.

Pale mapokezi palikuwa na muuguzi wa makamo, mwanamke wa huku huku. Aliona nywele zangu nyeupe akanisalimia kwa Kibena, "Kamwene," na mimi nikamjibu, na ile salamu karibu initoe machozi. Akamshika mtoto shingoni, akautazama udenda, akatazama mdomo.

"Ameanza lini?"

"Jana. Wamesema mafindofindo."

"Kuna kitu chochote amemeza?"

"Sijui."

Akanitazama. "Hujui, mama, au hukuona?"

Nikafungua mkoba. Nikatoa rimoti, nikavuta kile kidroo, nikamwonyesha betri mpya. "Kulikuwa na nyingine kama hii," nikasema. "Iliyokwisha. Siioni tangu jana jioni. Lakini alipaliwa juzi, Jumanne, saa nne."

Alimchukua mtoto mikononi mwangu na kuondoka naye mbio kwenye korido, viatu vyake vinalia sakafuni. Mwanamke mnene, wa umri wake, anakimbia. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo, kabla daktari yeyote hajaniambia.

Picha ya eksirei ilichukuliwa saa ile ile. Walinionyesha kwenye kompyuta: mbavu nyembamba za mjukuu wangu kama meno ya kitana, na juu yake, chini kidogo ya shingo, duara jeupe. Mtaalamu wa picha akaweka ncha ya kalamu kwenye kioo. "Sarafu ingekuwa duara moja tu," akamwambia daktari. "Hii ina pete mbili, moja ndani ya nyingine. Ni betri." Daktari akaniuliza tena siku na saa. Nikamwambia. Akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Asipewe kitu mdomoni, hata maji," akasema. "Inabidi itolewe leo, na sisi hapa hatuna kifaa cha kuingia kooni. Mnaenda Mbeya sasa hivi."

Nilimpigia binti yangu nikiwa tayari ndani ya gari la wagonjwa. Kelele za mashine za kiwandani zilikuwa nyuma ya sauti yake.

"Njoo Mbeya," nikamwambia. "Usipitie nyumbani. Njoo hospitali kubwa moja kwa moja."

"Mama, mafindofindo gani ya kwenda Mbeya?"

"Amemeza betri."

Kisha nikasikia akimwambia mtu, "Shika hapa, mimi natoka," na simu ikazimwa.

Alifika alasiri, bado amevaa kofia ya wavu ya kiwandani na buti za mpira. Alikuwa amesafiri saa zote zile bila kukumbuka kuzivua. Mtoto alikuwa ameshaingizwa ndani. Tukakaa kwenye benchi la saruji, na mimi nikamfuta matope ya buti kwa ncha ya kitenge changu, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Waliitoa jua likielekea kuzama. Daktari aliyeitoa, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, alituletea ndani ya kichupa. Upande mmoja bado uling'aa. Upande wa pili ulikuwa mweusi kama kitu kilichookotwa jikoni.

"Mmewahi kuona watu wakitengeneza sabuni kwa kostiki?" akauliza. Tukasema ndiyo. "Betri hii ikikwama mahali penye unyevu, ule umeme wake mdogo unatengeneza kitu kama kostiki pale pale inapogusa nyama. Inaunguza taratibu, haikomi mpaka itolewe. Koo la mtoto lina kidonda kikubwa. Halijatoboka, na hilo ni la kushukuru. Ila bado hatujui."

"Lakini daktari," nikasema, "ilikuwa imekwisha. Ilikuwa haiwashi kitu."

"Imekwisha kwa rimoti, bibi," akasema. "Kwa koo la mtoto bado ilikuwa na nguvu ya kutosha."

Tulikaa wodini wiki tano. Walimpitishia mpira puani hadi tumboni, na chakula chake kikawa maziwa na uji mwepesi tunaousukuma kwa bomba la sindano isiyo na ncha. Tulimvisha soksi mikononi asiuvute. Binti yangu alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, mimi nikalala kwa ndugu yetu wa mbali mjini, nikaenda na kurudi na nguo zilizofuliwa. Sare za watu zilibaki Makambako zimekatwa bila kushonwa. Jirani yangu, fundi mwenzangu, alizichukua akazimaliza.

Siku ya tisa au ya kumi, binti yangu alikuwa anatafuta taulo kwenye mkoba wangu. Akatoa rimoti.

"Hii imefikaje huku?"

"Niliibeba kuwaonyesha saizi ya betri."

Akaigeuza geuza. Nilimwona akifikiri. Yeye ni mtu wa kufikiri polepole na kufika.

"Uliibeba kutoka nyumbani," akasema. "Kabla ya picha. Kabla ya mtu kukuuliza."

"Ndiyo."

"Uligundua lini, mama?"

"Jumatano. Saa kumi jioni."

"Mimi nilikupigia saa kumi na mbili."

"Nilijua tayari."

Aliirudisha rimoti kwenye mkoba, akafunga zipu, akalikuta taulo kwenye mfuko wa pembeni. Akalilowesha, akaanza kumfuta mtoto vidole, kimoja kimoja, kwa makini, huku amenipa mgongo. Siku kumi na mbili hakuniita mama. Aliniambia "shika hapa", "lete maji", "daktari amepita". Nilihesabu siku hizo kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuhesabu zaidi ya mililita za maziwa.

Nilimtafuta yule daktari kwenye korido. Nikamuuliza kama yale masaa niliyonyamaza yalibadilisha kitu.

"Kidonda huanza mapema sana, bibi," akasema. "Saa mbili tu zinatosha kuunguza vibaya. Hadi Jumatano jioni madhara makubwa yalikuwa yameshatokea."

"Kwa hiyo hayakubadilisha?"

Akavua miwani. "Sitakudanganya kwamba hayana maana. Kila saa ina maana. Lakini kukuambia yameharibu kiasi gani, siwezi. Hakuna anayeweza."

Nilimuuliza pia kuhusu lile tonge. Akasema kitu kikikwama kooni mtoto asipewe tonge la kukisukuma, wala asitapishwe. Akasema kama ningejua ni betri tangu ile Jumanne, na kwa kuwa mtoto alishapita mwaka mmoja, ningeweza kumpa asali kijiko kidogo kidogo njiani, bila kuchelewa kuondoka, kwa sababu asali inapunguza makali mpaka mfike. Asali. Kabatini kwangu kulikuwa na chupa nzima, imejaa, ya kutoka shamba la shemeji yangu. Nilirudi wodini nikakaa.

Tulimrudisha nyumbani mwezi Julai mwishoni, mpira umetolewa, anakunywa mwenyewe kwa kikombe. Tukadhani yamekwisha. Mwezi haukupita, uji ukaanza kurudi. Kwanza uji mzito, kisha mwepesi, kisha hata maziwa. Tukarudi Mbeya. Daktari akatueleza kwamba kidonda kikipona kinaacha kovu, na kovu linajivuta kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi uliokazwa sana. Koo lilikuwa limekuwa jembamba kama mrija. Ilibidi lipanuliwe, na likipanuliwa linajivuta tena, na linapanuliwa tena.

"Mara ngapi?" binti yangu akauliza.

"Mpaka likubali," akasema.

Ndiyo yakawa maisha yetu. Kila wiki ya tatu, safari ya Mbeya. Kuamka kabla ya jogoo, mtoto hatakiwi kula wala kunywa, analilia chai na huwezi kumweleza. Kukaa foleni na kadi mkononi. Kumkabidhi kwa watu waliovaa kijani, naye ameshawajua, anakaza vidole kwenye nguo yako hadi unavibandua kimoja kimoja. Kungoja. Kumpokea akiwa amelegea na harufu ya dawa. Kurudi. Siku nne anakula vizuri, wiki mbili anakula kwa shida, na safari nyingine imefika. Binti yangu aliacha kazi ya kiwandani, kwa maana hakuna msimamizi anayeweza kungoja mtu wa namna hiyo. Akahamia kwangu. Alikuwa anaondoka na mtoto peke yake, hataki nimsindikize hata stendi.

Safari ya sita ilikuja wakati amechoka kuliko nilivyowahi kumwona mtu amechoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, begi la mtoto limeshafungwa, na hakuinuka.

"Mama," akasema. Lile neno lilikuwa limerudi kitambo, ila kwa ubaridi. "Safari hii nenda naye wewe. Mimi siwezi. Siwezi kumbandua tena vidole."

Nikavaa viatu nikaenda. Tangu siku hiyo tukawa tunapokezana. Hatukuwahi kukaa chini tukasameheana, kama watu wanavyofanya mbele ya mchungaji. Siku moja, tukimenya viazi, nilianza kusema, "Mwanangu, ile Jumatano," naye akasema, "Mama, acha. Menya." Nikamenya. Nadhani uchovu ndio uliotupatanisha, kama kupatana ndilo neno lenyewe. Watu wawili waliochoka namna ile hawana nguvu za kushikilia ugomvi.

Kwenye kikundi cha akina mama kanisani niliombwa niwasimulie. Nilikataa mara mbili, ya tatu nikasimama. Nilisema yote, hata simu ya saa kumi na mbili. Nilitegemea wanishangae kwa kunyamaza kwangu, lakini walichoshangaa ni kingine. "Kumbe hata iliyokwisha?" mama mmoja akauliza. "Kwangu ziko tatu kwenye droo ya vijiko." Mwingine akasema ya mizani yake ya duka inalegea, mtoto wa dada yake huichezea. Wakaanza kutaja: za saa, za vinyago vinavyoimba, za tochi ndogo za funguo. Nikawaambia wazifunge kwa selotepu pande zote mbili, waziweke mahali pa juu, wazitoe nyumbani. Na mtoto akipaliwa ghafla akaanza kutokwa udenda na kukataa kula, na hujui amemeza nini, useme hivyo hivyo hospitalini, udai picha. Nikakaa. Baadhi yao waliniambia baadaye kwamba wamefanya. Wengine sijui. Siwezi kwenda kufungua droo za watu.

Sasa mjukuu wangu ana miaka minne na nusu. Sauti yake ina mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Amepanuliwa koo mara kumi na tisa. Ya mwisho ilikuwa kabla ya Pasaka, na daktari akasema tusirudi hadi tutakapoona chakula kimekwama. Hatujaona. Sisemi limepona, maana nimeshawahi kusema hivyo nikajuta. Nyama tunamsagia. Ugali anakata vitonge vya ukubwa wa punje ya hindi na kila kitonge kina funda lake la maji. Amejifunza mwenyewe, hatumkumbushi. Kuna siku chakula husimama njiani, akanyamaza, akainua kidevu, akangoja, na sisi wote mezani tunaacha kula mpaka kishuke. Kikishuka anaendelea kuongea pale alipoishia.

Binti yangu ana meza ya viazi na vitunguu sokoni, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Mtoto anashinda na mimi. Hakuna siku aliyosema kwamba ananiamini tena. Aliamka tu asubuhi moja, akafunga kanga, akasema "nimechelewa", akaondoka, na mtoto alikuwa mlangoni ananitazama.

Jumapili iliyopita tulikula maharage na wali baada ya kanisa. Sisi tulimaliza. Binti yangu akaenda kujilaza. Nikaosha vyombo, nikafuta meza, mtoto bado yuko kwenye sahani yake, harage moja moja, maji, harage, maji. Wali ulikuwa umepoa, nikaupasha mara ya pili. Mgongo uliniuma na nilitamani kulala kama wenzangu. Ilishapita saa nzima na nusu ya sahani ilikuwa bado.

"Umeshiba?" nikamuuliza, na nakiri nilitaka aseme ndiyo.

Akatikisa kichwa. "Bado, bibi."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake.